Nani Atalipia Swali la Tabibu?

*Fedha za kuchunguza kisukari zipo duniani, tena nyingi. Walakini mtafiti wa Afrika Mashariki huzifikia kwa kuzunguka, na aghalabu kwa kujibu swali lisilo lake*

NA MWANDISHI WETU

Siku ya kliniki ya kisukari katika hospitali zetu nyingi za mikoa huanza kabla jua halijachomoza, maana wagonjwa wameagizwa wafike bila ya kula, nao hufika na chupa zao za chai na vipande vya mihogo vilivyofungwa katika vitambaa, wakangoja kwa saburi mpaka muuguzi awachome kidoleni, tone la damu liguse kijiti, na mashine ndogo ya mkononi itaje namba ya siku hiyo.

Kati ya wazee na akina mama wa makamo, ambao ndio wagonjwa waliozoeleka, mara huonekana kijana mwembamba asiyetimiza miaka ishirini, mashavu yamebonyea, aliyeletwa na nduguye kwa sababu anakunywa maji usiku kucha na kiu haimwishi. Tabibu humpima, huona sukari imepanda kupita kiasi, huandika katika kadi yake kuwa ana kisukari cha aina ya kwanza, humpa insulini na kumwonya asikose sindano hata siku moja.

Kijana akisha kuondoka, tabibu mwangalifu hubaki na swali. Vitabu alivyosomea, ambavyo vimeandikwa zaidi kwa kuwatazama wagonjwa wa Ulaya na Marekani, vyasema kwamba kwa mgonjwa wa namna hii kinga ya mwili imeuasi mwili wenyewe na kuziua chembe za kongosho zitengenezazo insulini. Je, ndivyo ilivyo kwa huyu, aliyekulia katika uhaba wa chakula na homa za kila masika? Kumjibu tabibu huyo kunahitaji vipimo ambavyo hospitali yake haina, wagonjwa mamia, miaka kadhaa, na fedha.

Mwaka 2025 sehemu ya jawabu ilipatikana. Utafiti uitwao YODA, uliowachunguza watu 894 wa Cameroon, Uganda na Afrika Kusini walioambiwa tangu ujana wao kuwa wana aina ya kwanza, ulionyesha kwamba asilimia 65 kati yao hawakuwa na zile alama za damu zinazothibitisha uasi wa kinga ya mwili. Hiyo si ruhusa kwa mgonjwa yeyote kuacha sindano yake. Bali ni habari kwamba maradhi haya, kwetu, yana sura ambayo vitabu havikuijua.

Swali lilitoka katika kliniki za Kiafrika. Fedha zilizolilipia zilitoka nje ya bara hili.

Vijiji sita

Mtu asidhani kwamba uchunguzi wa kisukari ni mambo mapya kwetu. Katika miaka ya 1980, Donald McLarty, tabibu wa Kiskoti aliyekuwa akifundisha Muhimbili, pamoja na Andrew Swai, Henry Kitange na wenzao, waliingia katika vijiji sita vya Tanzania wakapima damu za maelfu ya watu, na matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1989 katika jarida la *The Lancet*, yalikuwa kwamba mwenye kisukari hafiki hata mmoja katika kila watu mia waliotimiza miaka 15. Hesabu kamili ilikuwa asilimia 0.87.

Ulipofanywa uchunguzi wa taifa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, hesabu ilikuwa asilimia 9.1. Mizani hizi mbili si moja, kwa kuwa rika zilizopimwa na njia zilizotumika zimehitilafiana, na mwenye insafu hatazilinganisha moja kwa moja. Lakini hata tukipunguza kila kinachostahili kupunguzwa, tofauti iliyobaki ni kubwa mno.

Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba Afrika ilikuwa na watu wazima milioni 24 wenye maradhi haya, na kwamba zaidi ya nusu yao hawakujua kuwa wanayo. Mwaka huo ulimwengu ulitumia takriban dola bilioni 966 kuyatibu, na fungu la Afrika katika mali hiyo lilikuwa kiasi cha sehemu moja tu katika mia. Hizo ni fedha za dawa na hospitali, seuze fedha za utafiti, ambazo ni haba hata kwa maradhi tuliyoyazoea.

> *Mwaka 1989, katika vijiji sita vya Tanzania: asilimia 0.87. Uchunguzi wa taifa, mwaka 2012: asilimia 9.1.*

Kazi nyingine ya kundi lile la Muhimbili yastahili kutajwa, kwa kuwa ilikuwa rahisi kwa gharama na nzito kwa faida. Mwaka 1992 walichapisha hesabu ya kumtibu mgonjwa mmoja kwa mwaka: dola 287 kwa anayehitaji insulini, na dola 103 kwa asiyeihitaji, katika nchi ambayo matumizi ya serikali kwa afya ya kila raia yalihesabiwa kwa dola chache tu. Kazi hiyo haikuhitaji maabara ya fahari. Ilihitaji karani mwaminifu, daftari, na mtu wa kuuliza.

Milango iliyo wazi

Mwenye kutafuta ufadhili leo hakosi mahali pa kubisha hodi. Nchini Marekani, Taasisi za Taifa za Afya, zijulikanazo kwa herufi NIH, zina tawi zima la kisukari, maradhi ya tumbo na maradhi ya figo, ambalo hupewa zaidi ya dola bilioni 2 kila mwaka; na fauka ya hayo, tangu mwaka 1997 bunge la nchi hiyo limetenga fungu mahsusi la kuchunguza kisukari cha aina ya kwanza, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa dola milioni 150 kwa mwaka.

Humo humo NIH kimo Kituo cha Fogarty, kiangaliacho utafiti wa nchi za nje, na ruzuku yake iitwayo K43 imekusudiwa mtafiti chipukizi wa nchi yenye kipato cha chini au cha kati, mwenye kazi katika chuo au taasisi ya kwao, ili apate miaka mitatu hadi mitano ya kufuatilia jambo lake mwenyewe chini ya walezi waliobobea. Kwa rai yangu, katika milango yote ya ng'ambo huu ndio ulio karibu zaidi na haki, kwa kuwa unamfuata mtu na swali lake.

Uingereza ina Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Afya, NIHR, ambayo hugharimia utafiti wa nchi maskini kutoka katika fungu la misaada ya nje, na ina Wellcome, mfuko tajiri usio wa serikali. Denmark hutoa ruzuku za utafiti kwa njia ya Danida, na tena kuna Mfuko wa Novo Nordisk. Kwa aina ya kwanza peke yake wapo Breakthrough T1D, chama kilichoanzishwa Marekani mwaka 1970 na wazazi wa watoto wenye kisukari, na Amana ya Helmsley. Na tangu mwaka 2009 upo Muungano wa Ulimwengu wa Maradhi Sugu, GACD, ambamo mashirika ya utafiti ya nchi mbalimbali huafikiana kutangaza mwito mmoja kwa wakati mmoja. Mwito wake mmoja wa mwanzo ulikuwa wa kisukari cha aina ya pili.

Msomaji asichanganye hapa mambo mawili. Wakfu wa Kisukari wa Dunia, uliowekwa na kampuni ya Novo Nordisk mwaka 2002 na kujulikana sana katika kliniki za Tanzania, hugharimia huduma na mafunzo zaidi ya utafiti, na andiko la utafiti mtupu likipelekwa huko litarudi.

Saa kumi na moja jioni

Kuwapo kwa mlango si kupita mlangoni. Mtu anayeomba NIH sharti kwanza taasisi yake iwe imesajiliwa katika mfumo wa serikali ya Marekani, usajili ambao huchukua majuma kadhaa na ni lazima uhuishwe kila mwaka, na taasisi ambayo mhasibu wake amesahau kuuhuisha hupoteza nafasi hata kama andiko lake ni bora kuliko yote. Kisha huja ukurasa mmoja wa malengo, ambao watafiti wenye uzoefu huuandika na kuufuta mara nyingi kuliko kurasa zote zilizobaki. Kisha jedwali la bajeti na maelezo ya kila senti. Kisha wasifu wa kila mshiriki kwa mtindo uliowekwa, na barua za wakubwa wa taasisi zenye kuahidi vyumba, majokofu na muda wa mtafiti. Mwisho wa kupokea ni saa kumi na moja jioni kwa saa ya mahali alipo mwombaji, na umeme ukikatika saa kumi, hayo ni yake.

Baada ya fedha kukubaliwa bado kuna kibali cha maadili. Bara hutolewa na kamati ya NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Zanzibar ina taasisi yake na kamati yake. Na damu ikitakiwa kuvuka mpaka kwenda kupimwa ng'ambo, mkataba mwingine huandikwa.

Jambo lisilozungumzwa sana, nalo ndilo liumizalo, ni fedha za kuiendesha taasisi yenyewe. Jokofu la kuhifadhi damu kwa baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri halilali; hutaka umeme, jenereta, mafuta ya jenereta, na mtu wa kulitazama Jumapili. Mhasibu hutaka mshahara. Vyuo vya Marekani vikipewa ruzuku huongezewa kwa ajili ya mambo haya kiasi ambacho mara nyingi hufika nusu ya gharama au kuzidi, ilhali taasisi za nje, kwa miaka mingi, zimewekewa kikomo cha asilimia 8. Hivyo anayeanza na kidogo ndiye anayepewa kidogo, na baadaye huulizwa kwa nini taasisi yake haina uwezo.

Kwa kadi ya maradhi mengine

Atakayechunguza jinsi tafiti kubwa za kisukari za Afrika Mashariki zilivyopata riziki yake ataona ajabu moja: nyingi zimepita katika nyumba ya maradhi mengine, kama mgeni aingiaye harusini kwa kadi ya mwenziwe.

Mwanza, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kisukari kilikuwamo katika asilimia 16.7 ya wagonjwa wa kifua kikuu, na asilimia 9.4 ya majirani zao wasio na kifua kikuu. Kifua kikuu ndicho kilichofungua mlango. Utafiti wa INTE-AFRICA, uliogharimiwa na Umoja wa Ulaya, ulifanywa katika vituo 32 vya Tanzania na Uganda, kwa wagonjwa wapatao 7,000, kutaka kujua kama mwenye kisukari, mwenye shinikizo la damu na mwenye virusi vya UKIMWI waweza kutibiwa katika kliniki moja. Matokeo yake, yaliyotoka mwaka 2023, yalikuwa kwamba yawezekana bila ya kuwadhuru wenye virusi. Jambo jema na lenye hikima. Lakini tusijifiche kwamba kliniki za UKIMWI ndizo zilizokuwa na fedha, na kisukari kikapewa kiti pembeni.

Na ule ushirika mkubwa wa Ulaya na Afrika wa majaribio ya dawa, EDCTP, ulioanza mwaka 2003, umejifunga katika maradhi ya kuambukiza. Mtafiti wa kisukari asiye na kifua kikuu wala virusi katika andiko lake hana la kuuambia.

> *Mtafiti hujifunza mapema kuuliza "watagharimia nini?" kabla ya kuuliza "wagonjwa wangu wanaumwa nini?"*

Madhara ya desturi hii ni mepesi kuyaeleza na mazito kuyaondoa. Akizoea kuuliza swali linalolipika, mtafiti huyaacha yasiyolipika yalale, nayo yasiyolipika aghalabu ndiyo yetu peke yetu. Mathalan, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu, HbA1c, kinachotumika duniani kote, kiligunduliwa kuwa chaweza kupotoshwa na hitilafu ya kurithi ya damu ambayo takriban mtu mmoja katika watano alikuwa nayo miongoni mwa wanavijiji wa Kyamulibwa, Uganda, waliochunguzwa vinasaba vyao, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2019. Hitilafu hiyo si kitu Copenhagen wala Boston. Kyamulibwa ni kitu kikubwa. Lau wanavijiji wale wasingelifuatiliwa kwa miaka mingi, tena kwa fedha za Waingereza, nani angelijua?

Insulini kwanza?

Wapo wasiokubaliana na shauri zima la kutafuta fedha za utafiti, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wasema: maadam yupo mtoto wilayani ambaye insulini yake imekwisha Ijumaa na duka la dawa la hospitali halina mpaka Jumatano, ni taksiri kumlipa mtu apime vinasaba. Kinachojulikana tayari kinatosha kuokoa maisha. Kilichokosekana ni dawa, vijiti vya kupimia, na muuguzi aliyefunzwa kutazama mguu wa mgonjwa kabla kidonda hakijaoza.

Mwenye kusema hivi aghalabu ni tabibu aliyeshuhudia, na mimi sina la kumkanusha juu ya mtoto yule. Ninahitilafiana naye juu ya hesabu. Wizara isiyojua ni wangapi wanaohitaji insulini ya maisha, na ni wangapi ambao huenda matibabu mengine yangewafaa, hununua kwa kubahatisha. Na Tanzania, iliyopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, itakuja kudaiwa bei ya kubahatisha huko kila mwaka. Hesabu ya dola 287 ilifanywa na watafiti. Hakuna duka la dawa lililoitoa.

Tena pasipo utafiti hapabaki patupu. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walipanga foleni za magari hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 kilichonadiwa kuwa kinaponya kisukari pamoja na maradhi mengine sugu. Wauzaji wa dawa za sukari katika vituo vya daladala hawangoji mwito wa wafadhili.

Mkono wa mwenye kiwanda

Wengine wahofia fedha za makampuni. Kampuni tatu, Novo Nordisk, Eli Lilly na Sanofi, ndizo zitengenezazo sehemu kubwa mno ya insulini ya dunia, na fedha zao, moja kwa moja au kwa njia ya mifuko iliyozaliwa nazo, zimo katika kliniki, mikutano na tafiti nyingi. Sioni sababu ya kuzikataa zote. Zimewatibu watoto ambao hakuna mwingine aliyejitolea kuwatibu. Lakini swali la kama insulini ya bei nafuu ya mtengenezaji mwingine inafaa sawasawa na ya kwao haliwezi kuachiwa wao walilipie, na hapo ndipo fedha ya umma haina badala.

Milango inayofungwa

Mwaka 2025 ulileta msukosuko. Mwezi Februari, Uingereza ilitangaza kwamba misaada yake ya nje itashuka kutoka asilimia 0.5 ya pato lake hadi asilimia 0.3 ifikapo mwaka 2027, na utafiti wa NIHR wa nchi maskini hula katika sahani hiyo hiyo. Mwezi Mei, NIH ikatangaza kusimamisha ruzuku zilizopitia kwa vyuo vya Marekani kwenda kwa washirika wa nje, hadi utaratibu mpya uwekwe. Na njia hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwalisha watafiti wetu wengi, kwa kuwa wachache walikuwa wakipewa kwa majina yao wenyewe.

Wakati wa neema haukutumika kujenga ghala. Januari 2007, mjini Addis Ababa, wakuu wa nchi za Afrika walihimizana kutenga asilimia moja ya pato la taifa kwa utafiti; Tanzania haijaifikia. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 ilikwenda mbali zaidi, ikaandika asilimia mbili kwa Mfuko wa Taifa wa Utafiti. Asilimia hizo mbili hazikupata kutimizwa hata mwaka mmoja.

Tanzania ina COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, tangu mwaka 1986, na chini yake MTUSATE, mfuko wa kuendeleza sayansi na teknolojia. Chombo kipo, basi. Kinachotakiwa humo ni fungu dogo lenye jina la kisukari, la kumpa tabibu wa mkoani fedha ya mwaka mmoja, ahesabu wagonjwa wake, apime damu mia chache, na apate data za awali ambazo mfadhili mkubwa huzidai kabla hajasoma ukurasa wa pili. Insulini yenyewe ilianza hivyo: katika kiangazi cha mwaka 1921, Macleod wa Chuo Kikuu cha Toronto alimwazima Frederick Banting chumba, mbwa kumi na msaidizi mmoja, Charles Best; Januari 1922 mgonjwa wa kwanza alichomwa sindano, na mwaka uliofuata hataza ikauzwa kwa chuo kwa dola moja kwa kila mgunduzi.

Kwa kijana mtafiti anayesoma haya: usingoje mwito utangazwe. Nenda katika ofisi ya utafiti ya taasisi yako juma hili, uliza kama usajili wao wa nje uko hai, na kama haupo, uombe uanzishwe sasa.

Na kwa waheshimiwa wabunge: bajeti isomwapo Dodoma mwezi Juni, ulizeni MTUSATE imetengewa shilingi ngapi, ngapi kati ya zile za mwaka uliopita zilitolewa kweli, na ngapi zilikwenda kwa kisukari.